Jeraha la Jelatini Linalostahimili Jasho la Pwani

Wiki iliyopita nilimsaidia kijana aliyepewa kazi ya meikapu katika filamu fupi inayopigwa Bagamoyo, ambayo ndani yake mwanamume anakatwa panga shavuni. Aliniuliza jinsi ya kutengeneza jeraha la bandia lisilobanduka kwa jasho. Maswali yake ndiyo niliyokuwa nayo mimi nilipoanza, kwa hiyo nayaandika majibu hapa kwa utaratibu. Kwa jeraha la usoni napendelea jelatini kuliko lateksi ya maji (utomvu wa mpira), kwa sababu lateksi ina amonia inayowasha macho, huondoka na vinyweleo, na wako watu ambao huwaletea mzio mkali. Jelatini hupitisha mwanga karibu sawa na ngozi, hivyo haionekani kama mpira hata kamera ikisogezwa karibu.

Hatua ya 1: Zungumza na mwigizaji mapema

Muulize kuhusu mzio, kisha mpake kidogo gundi utakayotumia ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Mweleze pia jelatini imetokana na mnyama gani. Nyingi hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, na katika pwani yetu, yenye waigizaji wengi Waislamu, ni haki ya mtu kujua anabandikwa nini usoni. Mimi hununua ya ng'ombe yenye alama ya halali pekee.

Hatua ya 2: Andaa vifaa na usafi wake

Utahitaji jelatini, glisirini ya duka la dawa, kigae laini, mwiko mdogo wa chuma, gundi ya ngozi iitwayo Pros-Aide, poda isiyo na rangi, brashi, sponji na vijiti vya pamba. Rangi ichote kwa mwiko na kuiweka juu ya sahani ya chuma. Brashi iliyogusa uso isirudi kamwe ndani ya kopo. Sponji ikate vipande, kila mwigizaji apate chake, kisha kitupwe.

Brashi na miko ioshe kwanza kwa sabuni, kwa kuwa dawa haipenyi mafuta, halafu itie alkoholi ya asilimia 70. Wengi huamini kwamba ya asilimia 99 ni bora zaidi kwa sababu ni kali, lakini hiyo hukauka kabla ya kumaliza kazi. Ya 99 iweke kwa ajili ya kulainishia rangi za alkoholi, na zote mbili ziwe mbali na jiko. Kwa macho usitegemee alkoholi hata kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, niliacha kabisa kutumia kifaa kimoja cha machoni kwa watu wawili, kwa kuwa alkoholi haiviui kwa uhakika virusi vya aina hiyo. Mwenye macho mekundu asipakwe siku hiyo, hata mwongozaji akisihi.

Hatua ya 3: Pika na umimine

Changanya kipimo kimoja cha jelatini, kimoja cha maji na kimoja na nusu cha glisirini. Acha dakika 10, kisha yeyusha ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya maji ya moto, bila kuchemsha. Mimina juu ya kigae kilichopakwa vaselini, chora mkato kwa mwiko, na uzikondeshe kingo kadiri uwezavyo.

Hatua ya 4: Bandika na uzuie jasho

Hatua hii iliwahi kunigharimu siku nzima. Tulikuwa ufukweni, nimebandika alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi kingo zilikuwa zimeinuka. Niliongeza gundi, nikaongeza poda, nikaongeza gundi tena, na kila tabaka lilifungia unyevu zaidi ndani, hadi alasiri kipande kizima kikateleza kidevuni. Sikuwa nimeelewa kwamba jelatini huyeyuka kwa joto na hulainika kwa maji, na kwamba jasho huvileta vyote viwili kutoka upande wa ngozi, ambako poda ya juu haifiki. Kinga, basi, lazima iwe chini ya kipande.

Futa shavu kwa pamba yenye alkoholi kidogo, mbali na jicho, na uache likauke. Paka Pros-Aide nyembamba juu ya ngozi na nyuma ya kipande. Gundi hii ni nyeupe ikiwa mbichi na huwa angavu ikikauka, kwa hiyo usiguse chochote kabla weupe haujatoweka. Paka tabaka la pili, ngoja tena, kisha bandika ukianzia katikati kuelekea nje, kwa sababu ukianzia pembeni utafungia hewa. Gundi ya spiriti (spirit gum) siitumii usoni: huwasha, na jasho huilegeza. Kingo ziyeyushe kwa kijiti cha pamba kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kwa mpigo mmoja mwepesi, kisha zifunike kwa gundi nyembamba na poda.

Mwenye ndevu anyoe jana yake, kwa maana ngozi iliyonyolewa asubuhi hiyo huwashwa na gundi. Paji la uso na juu ya mdomo hutoa jasho jingi mno kwa jelatini. Huko tumia silikoni, lakini ile inayogandishwa kwa platinamu usiiguse kwa glovu za lateksi, maana haitaganda. Tengeneza vipande vitatu, uvifunge katika plastiki na kuviweka ndani ya deli bila kugusa barafu. Jasho likitoka, likandamize kwa tishu, usifute. Mwombe mwongozaji apige picha za karibu kwanza.

Hatua ya 5: Rangi na damu

Tumia rangi za alkoholi, kwa kuwa haziteleziki kwa jasho. Damu ya kinywani iwe ya sharubati nzito na rangi ya chakula, katika chupa yake peke yake. Fomula maarufu ya damu ya bandia ya Dick Smith, mtaalamu wa meikapu wa Marekani, ina Photo-Flo, dawa inayotumika wakati wa kusafisha filamu za picha, nayo haifai kuingia kinywani.

Hatua ya 6: Ondoa

Lainisha kingo kwa maji ya vuguvugu, inua polepole, na gundi iliyobaki iondoe kwa mafuta. Usivute. Kipande kilichotumika kitupwe siku hiyo hiyo.