Karata za dripu
Wakufunzi wa uuguzi, kama wanafunzi wako wanakariri fomula ya matone ya dripu kwa dakika halafu wodini wanaduwaa, jaribu karata. Kata manila vipande 30 hivi, na kila kipande kiandike mgonjwa mmoja: kiasi cha maji, muda, aina ya seti (mpira wa dripu). Kwa mfano: mililita 1000, saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Jibu ni 1000 × 20 ÷ 480 (dakika za hizo saa 8), yaani kama matone 42 kwa dakika.

Wagawe wanne wanne. Mmoja anavuta karata na kupiga hesabu, mwingine anarekebisha dripu ya maji ya bomba inayodondokea kwenye ndoo, wa tatu anahesabu matone kwa saa ya mkono dakika nzima, wa nne ni refa. Hapo ndipo utamu ulipo: hesabu inaweza kuwa sahihi na mkono ukakosea. Pointi zitolewe matone yakifika idadi inayotakiwa tu, si kwa jibu la karatasini.

Chomeka karata chache za mtego zenye seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita. Anayejua kwamba hapo mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika atamaliza wenzake wakiwa bado kwenye kikokotoo. (Watapiga kelele, funga mlango.)

Usiwakimbize kwa muda raundi ya kwanza. Na bakisha dakika 10 mwishoni, kila kundi lieleze kosa lake lingemfanya nini mgonjwa wa moyo au mtoto mchanga.