Unafanya PhD kuhusu ukatili na kiwewe kwa vijana? Anza na mlango wa kutokea

Mimi PhD yangu niliifanya kwa kuhoji vijana waliopitia ukatili, wengine nyumbani, wengine mtaani, wengine kote kuwili, na tangu nimalize kila mara napata meseji ya mtu anayeanza anauliza "nitumie dodoso gani?" Sio hapo pa kuanzia jamani. Swali la kwanza ni hili: kijana akishakusimulia, akanyanyuka akatoka nje ya mlango, anaenda kwa nani? Ukishapata jibu ndo urudi nyuma upange mengine yote. Mimi nilijipanga kinyume, na yalionikuta nimeyaeleza hatua ya 2.

Hatua ya 1: Punguza mada

"Ukatili na kiwewe kwa vijana" sio mada, hiyo ni maktaba nzima. Chagua aina moja ya ukatili, kundi moja la vijana na kitu kimoja unachotaka kukijua. Umri nao uuweke wazi mapema, maana Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake kijana ni wa miaka 15 hadi 24, ila kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 mtu chini ya miaka 18 bado ni mtoto, kwa hiyo huyo wako wa miaka 16 kwenye majedwali ni kijana lakini kwenye fomu ya ridhaa ni mtoto, na kamati ya maadili itakubana hapo hapo.

Alafu usichanganye tukio na kiwewe. Kupigwa ni tukio, kiwewe ni kile kinachobaki mwilini na kichwani baada ya hapo, na wengi wanaopitia tukio baya hawafikii kupata ugonjwa. PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, iliingia kwenye DSM, ule mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, mwaka 1980, na toleo lake la tano, DSM-5, inataka dalili ziwe zimezidi mwezi mmoja na ziwe zinamvurugia mtu maisha. ICD-11, orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022, imeongeza PTSD changamano, na hii inawagusa sana waliokaa na mtesaji wao miaka. Amua mapema unafuata ipi, sio unafika sura ya nne ndo unajiuliza.

Na ile skori ya ACE, ya kuhesabu mabaya aliyopitia mtu utotoni, naomba tuiheshimu. Ule utafiti wa Marekani uliotoka 1998 uliwauliza watu wazima habari za utoto wao, unaonyesha hatari kwenye kundi la watu. Kumjumlishia mtoto mmoja pointi kisha ukamwandikia hatima yake, hapana.

Hatua ya 2: Jenga njia ya rufaa kabla ya dodoso

Hapa ndo nilipoharibu. Nilikuwa na karatasi nzuri imechapwa, namba za huduma za ushauri nasaha zimepangwa vizuri, kamati ya maadili ikaipitisha bila swali. Binti mmoja niliyemhoji mapema kabisa alienda nayo, usiku akapiga namba ya kwanza, haipatikani, ya pili inaita tu. Kesho yake akanirudishia ile karatasi imekunjwa mara nne, akasema "dada hizi namba ni za mapambo." Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Piga kila namba, piga mchana na upige usiku, fika kwenye huduma ukae kwenye benchi uone foleni inakwendaje, uliza kama wanampokea kijana aliyekuja bila mzazi, uliza mtu mpya anasubiri siku ngapi. Ukikuta kote kumejaa basi tafuta hela kwenye bajeti ya utafiti umlipe mshauri wako mwenyewe awepo siku za mahojiano, hata kama itabidi upunguze idadi ya washiriki. Sampuli ndogo utaitetea mbele ya wasahihishaji.

Siri nayo ina mpaka, na mpaka useme kabla ya kuwasha rikoda. Nchi nyingi sheria inakutaka utoe taarifa mtoto akiwa hatarini, soma ya kwako. Mimi nilikuwa nasema hivi: "Unayoniambia yanabaki hapa. Ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza sasa hivi, au unataka kujiumiza, itabidi nimwambie mtu wa kukusaidia, na wewe nitakuambia kwanza kabla sijaenda kwake." Wapo watakaonyamaza baada ya kusikia hivyo. Waache, ni haki yao.

Hatua ya 3: Ridhaa

Kawaida mzazi anasaini na mtoto naye anakubali kwa kinywa chake. Sasa kama mpigaji ndo mzazi? Iombe kamati ikuondolee sharti la saini ya mzazi kwa kundi hilo, na upendekeze mtu mzima mwingine asiye na maslahi asimame upande wa mtoto. Usisubiri wakuulize, liandike mwenyewe kwenye proposo.

Jina la utafiti kwenye karatasi inayoenda nyumbani lisiwe na neno ukatili. Andika kitu kama "afya na maisha ya vijana", alafu mshiriki mwenyewe umweleze ukweli wote mkiwa faragha. Nyumba moja chukua mtu mmoja tu. Haya yapo kwenye mwongozo wa WHO wa 2001 kuhusu utafiti wa ukatili wa majumbani, uliandikwa kwa ajili ya wanawake ila kwa vijana unasaidia sana tu.

Hatua ya 4: Dodoso, na shida ya ganzi

Vipimo vya dalili za kiwewe kwa vijana vipo, CPSS na CRIES-8 kwa mfano, omba ruhusa kwa wenyewe uvitumie. Kazi iko kwenye kutafsiri. Mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo arudishe kwenye lugha ya awali, mkae mlinganishe. Sisi tulifanya yote hayo na bado likatupita swali la hisia "kufa ganzi". Kwenye majaribio kijana akajibu ndiyo, kila siku. Nikamwambia nieleze, akasema "nikikaa sana mguu huu unakufa ganzi." Tukauliza na wengine, mguu, mkono, mguu. Tukabadilisha ikawa "mambo ya kufurahisha au ya kuhuzunisha yanatokea na wewe husikii chochote moyoni", ndefu lakini ikaeleweka. Tangu hapo kila swali nilimwomba kijana anirudishie kwa maneno yake kabla sijaliamini.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kiti cha kijana kiwe karibu na mlango kuliko cha kwako. Mpe ishara ya kusimamisha, kuinua mkono inatosha, na mjaribu mara moja kwa utani ili mkono ujue njia. Anza na leo, anaishi na nani, anapenda nini, ndo mshuke kwenye magumu, alafu mpande tena mpaka leo. Usimwache shimoni eti muda umeisha.

Maelezo ya tukio lenyewe usiyadai kama swali la utafiti wako haliyahitaji. Kuna kijana alikuwa anachomoa uzi kwenye mkono wa sweta, anauzungusha kidoleni mpaka kidole kinakuwa cheupe, akaniambia "hii nishawasimulia watu watatu." Nikamwambia basi mimi usinisimulie, niambie baada ya kuwasimulia hao watatu ilikuwaje. Akauachia uzi. Tukaongea karibu saa nzima, na hiyo ndo ikawa sura yangu bora. "Kwa nini hukukimbia" ifute kabisa kichwani, hilo ni swali la lawama hata ukilisema kwa sauti ya upole.

Hatua ya 6: Data

Ondoa majina siku hiyo hiyo, sauti ziwe na nywila, orodha ya majina ikae mbali na sauti. Ila jina sio kila kitu, "kipa, ana kovu shingoni, analelewa na bibi" mtaani kwao wanamjua hata ukimwita Mshiriki 7. Badilisha au toa.

Hatua ya 7: Wewe na anayekuandikia

Mahojiano mawili kwa siku, yasizidi. Kuandika sauti neno kwa neno kunachosha kuliko mahojiano yenyewe kwa sababu unarudisha kile kilio nyuma mara sita ili ushike neno moja, na ukimlipa mtu akuandikie basi naye mtafutie wa kuongea naye. Wanasaikolojia McCann na Pearlman walishaliandikia hili jambo mwaka 1990, kiwewe kinachompata msikilizaji, weka mstari wake kwenye bajeti na usione aibu.

Baada ya wiki mbili mtafute kila kijana kwa njia mliyokubaliana, uulize hali tu, rikoda iache nyumbani. Na asubuhi ya kila siku ya mahojiano, kabla hujatoka, chukua ile karatasi ya namba uzipige zote tena.