Somo: Kugawa maneno chini ya nota kwenye MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandika nota za muziki

Walimu wenzangu wa kwaya hapa Tanga, tuache kuchapa "Tan-ga" na "ban-da-ri". Kwa kawaida silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu: Ta-nga, ba-nda-ri. Anayeumia ni mwimbaji. Akiona "Tan" chini ya nota ya mapigo manne, anawahi kufunga kwenye N na sauti inakufa. Akiona "Ta", anaishikilia A mpaka mwisho. Kwa hiyo maneno yagawe kwenye karatasi kwanza, kompyuta baadaye.

1. Maliza kuchapa nota zote. Bofya nota ya kwanza, bonyeza Ctrl na L.

2. Andika silabi. Neno halijaisha, bonyeza kistari. Limeisha, bonyeza nafasi. Mfano: wa-ja le-o, wa-ru-di le-o. Koma iandike palepale kwenye silabi. Programu inahamia nota inayofuata yenyewe.

3. Hapa ndipo wengi hukwama: silabi moja inayoimbwa kwa nota kadhaa. Ikiwa katikati ya neno, rudia kistari. Ikiwa ya mwisho wa neno, tumia mstari wa chini, yaani Shift na kistari. Idadi ni rahisi: silabi ikichukua nota tatu, bonyeza mara tatu.

4. Beti la pili: rudi nota ya kwanza, Ctrl na L tena.

MASWALI

Mwanakwaya, Makorora: Shikamoo mwalimu. "Mtoto" ni silabi ngapi?

Marahaba. Tatu: m-to-to. M ina pigo lake. Mtunzi akiwa ametoa nota mbili tu, andika "mto-to", programu haikatai. Ila angalia maana kabla ya kugawa: mbuni ndege ni mbu-ni, mbuni wa mitindo ni m-bu-ni.

Mwalimu wa kwaya, Pangani: Na "labda" je? "Kristo"?

Lab-da, maana B haina irabu ya kuegemea. Kristo mimi huandika Kri-sto, ili I ivutwe vizuri.

Mpiga kinanda, Muheza: Sauti nne, maneno yaleyale. Niandike mara nne?

Hapana. Andika mara moja kwenye ujumbe wa kawaida, pamoja na vistari, kisha nakili. Kwa kila sauti bofya nota ya kwanza, Ctrl na L, halafu Ctrl na V. Kila ukibonyeza V inaingia silabi moja. Ukifika kwenye silabi ya kuvuta, simama, weka mstari kwa mkono, uendelee.