Mkopo wa nyumba wa pamoja baada ya ndoa kuvunjika: jinsi ya kuomba ubaki kwa jina moja

Hakimu anaweza kuvunja ndoa, lakini mkataba wa mkopo hauvunji. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anatoka mahakamani na tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, inayosema nyumba ni yake, anaamini mambo yamekwisha, kisha mtalaka wake anaanza kupigiwa simu na benki kwa ajili ya nyumba ambayo hakai tena. Na benki haijakosea. Mlisaini wote wawili, na mikataba ya namna hii kwa kawaida huwabana wakopaji kwa pamoja na kila mmoja peke yake, yaani deni lote linaweza kudaiwa kwa yeyote kati yenu. Benki haikuwa mdaawa, yaani mmoja wa wenye kesi, kwenye shauri lenu la talaka, kwa hiyo makubaliano yenu ya nani alipe nini hayaifungi.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo inayotumika. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, zikiwemo za Kadhi.

Jambo la kwanza kabisa ni marejesho yasisimame. Najua hasira inavyosema: "Anakaa yeye, alipe yeye." Ukiacha kulipa ili umkomoe mwenzako, unajikomoa na wewe, kwa sababu kuchelewa kunaandikwa kwenye taarifa za mikopo za wote wawili na kila benki utakayoiendea kesho itaziona. Chini ya Sheria ya Ardhi, benki ikishawapa notisi ya kushindwa kulipa mna siku 60 za kurekebisha, baada ya hapo inaweza kuelekea kwenye kuuza, na nyumba ya mnadani haiuzwi bei ya sokoni. Kama rejesho linakatwa kwenye mshahara wako peke yako, endelea kulipa na utunze slipu na taarifa za akaunti. Zitakuwa ushahidi wa mchango wako wakati wa kugawana mali.

Wiki hiyo hiyo, nenda tawi lenye faili lenu umwone afisa mikopo. Huhitaji kumsimulia nani alimkosea nani. Omba vitu vitatu kwa maandishi: taarifa ya salio la mkopo, nakala ya mkataba na hati ya rehani, na maelezo ya masharti ya kubadilisha mkopaji. Mkiwa na akaunti ya pamoja ambayo mmoja wenu anaweza kutoa fedha peke yake, badilisheni maelekezo ili itake sahihi za wote wawili. Mkiona mtashindwa kulipa kwa miezi kadhaa, ombeni kupangiwa upya mkopo kabla hamjachelewa. Anayeomba mapema husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayeomba akiwa na notisi mkononi.

Ikiwa hati ina jina la mwenzako tu, ingawa mkopo mlikubali wote, jilinde. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ikiwa hai, na kinakuruhusu kulinda maslahi yako kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Unapeleka maombi pamoja na kiapo kilichosainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ukiambatanisha cheti cha ndoa. Fanya hivyo kabla ya talaka, maana kinga hiyo inategemea ndoa kuwepo.

Sasa njia ya mahakama. Usikimbilie kufungua shauri, kwani isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati inayothibitisha hivyo, na hati hiyo isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku unapofungua shauri. Watu huipata, huiweka kabatini wakisubiri hali itulie, ikaja kuchacha, wakalazimika kurudi barazani. Shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mgawanyo wa mali hutolewa pamoja na tuzo ya talaka au ya kutengana, au baada yake. Kabla ya hapo mahakama haigawi.

Kifungu cha 114 ndicho kinachobeba mgawanyo. Mahakama huangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote. Hilo la mwisho ndilo lenu, na ajabu ni kwamba wengi hawalitaji kabisa mahakamani. Wanabishania nyumba kana kwamba haina deni. Taja mkopo kwenye maombi, ambatanisha taarifa ya salio, na uombe amri inayosema waziwazi nani atalipa deni, kwa muda gani, na nini kitafuata benki ikikataa kumkubali. Kwa mama wa nyumbani anayeambiwa hakuchangia hata rejesho moja: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi ni mchango. Kiasi gani, hiyo ni hoja ya ushahidi, na si lazima iwe nusu kwa nusu.

Mlioishi pamoja bila ndoa kwa miaka miwili au zaidi, mkatambulika kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawafungulia mlango, kwa kuwachukulia kama wanandoa; hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Mahakama inaweza kutoa nafuu hata pale dhana hiyo inapokanushwa kwa ushahidi.

Kabla ya kung'ang'ania kubaki na nyumba, piga hesabu. Tuseme mthamini aliyesajiliwa ameipa thamani ya shilingi milioni 150 na salio la mkopo ni milioni 90. Cha kugawana ni milioni 60, siyo 150. Mkigawana sawa, anayebaki anaiomba benki imkubali kwa deni la milioni 90, na juu yake atafute milioni 30 za kumlipa mwenzake. Hapo kipato kimoja kinabeba kilichokuwa kinabebwa na viwili. Watumishi wa umma wanaijua kanuni ya theluthi moja ya mshahara kubaki bila kuguswa, nayo pekee inatosha kukwamisha ombi. Umri nao una neno, kwa sababu benki hutaka mkopo uishe kabla ya kustaafu. Hesabu ikigoma, uzeni kwa hiari, benki ilipwe kwanza, kinachobaki mgawane. Binafsi naona kuuza mapema ni heshima kuliko kuisubiri nyundo ya dalali.

Hesabu ikikubali, andika ombi. Kumtoa mwenzako kwenye mkopo ni sawa na kuomba mkopo upya, hivyo jiandae kukaguliwa kama mgeni. Barua iwe fupi:

"YAH: OMBI LA KUBADILISHA MKOPO WA NYUMBA NAMBA … KUWA KWA JINA LANGU PEKE YANGU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mkopaji mwenza tulichukua mkopo tajwa tarehe … kwa dhamana ya nyumba iliyopo kiwanja namba … Ndoa yetu imevunjwa na Mahakama … kwa tuzo ya tarehe …, ambayo imenipa nyumba hiyo na wajibu wa kulipa salio. Naomba benki ipime uwezo wangu wa kulipa, iniidhinishe kuwa mkopaji pekee, na imwachilie mkopaji mwenza kwa maandishi. Marejesho yanaendelea kulipwa wakati ombi likishughulikiwa."

Mwenzako naye aandike barua ya kuridhia. Ambatanisha nakala zilizothibitishwa za tuzo na makubaliano ya mgawanyo, kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, slipu za mshahara na barua ya mwajiri (mfanyabiashara apeleke hesabu na leseni), taarifa ya akaunti, ripoti ya uthamini na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Unayeondoka, usikubali kauli ya mdomo kwamba "tumeshakutoa kwenye mfumo". Dai barua ya benki inayosema huwajibiki tena. Bila barua hiyo bado unadaiwa.

Benki ikikataa, uliza sababu kwa maandishi. Mara nyingine tatizo ni kipato, na ndugu mwenye mshahara anaweza kuingia kama mkopaji mwenza au mdhamini. Au muda wa mkopo urefushwe ili rejesho lishuke.

Ikikubali, linabaki suala la hati. Rehani ya zamani inafutwa, umiliki unahamishwa, rehani mpya inasajiliwa, na kawaida wakili wa benki huzifanya kwa mfuatano huo. Uhamisho unapita kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kwa ridhaa ya Kamishna wa Ardhi, hadi kwa Msajili wa Hati. TRA nao watataka kujua kama kuna kodi ya faida ya mauzo. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mali inayohamishwa kwa mtalaka kutokana na talaka au makubaliano ya kutengana ihesabiwe kama haijazaa faida, ila anayepokea mali lazima aombe hivyo kwa maandishi. Usipoandika, hakuna atakayekuandikia.

Usajili ukikamilika, omba upekuzi rasmi wa hati uone jina lililobaki na rehani iliyopo. Kisha kagua bima ya mkopo. Kama ilikatwa kwa maisha ya wote wawili, ikatwe upya kwa mkopaji aliyebaki, na mnufaika abadilishwe. Mita ya LUKU pia iangaliwe, maana kodi ya majengo inakatwa humo, na anayeweka umeme ndiye anayeilipa.