Mawingu Yakishuka Mlimani: Mwongozo kwa Rubani Kijana wa Helikopta ya Jeshi

Uamuzi wa kugeuza helikopta hufanywa chini, kabla injini haijawashwa. Nimefundisha urubani jeshini miaka mingi, na kama kuna neno moja ningetaka kila kadeti aondoke nalo, ni hilo. Ukingoja kuamua hewani, huku nyuma umebeba askari, mbele kamanda anawasubiri na mawingu yanashuka, hutaamua. Utasema tusogee kidogo tuone. Wenzetu wengi wamekufa katika hicho kidogo.

Ninayoeleza hapa ni ya safari za mchana, za kuruka kwa macho, yaani rubani anaongoza ndege kwa kutazama nje, katika nyanda za juu za Kenya. Usiku na miwani yake ya kuonea gizani ni somo jingine, na lina hatari zake.

Tuanze na sheria, kwa sababu kuna kauli naisikia kila mwaka: "Sisi ni ndege ya serikali, sheria za kiraia hazitufungi." Ni kweli kwamba Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unaziweka kando ndege za jeshi, forodha na polisi. Lakini soma kifungu chote. Kinakataza ndege hizo kupita juu ya nchi nyingine bila kibali, na kinazitaka serikali, zinapozitungia kanuni, ziangalie usalama wa ndege za kiraia. Anga ya Nairobi hadi Nanyuki imejaa ndege ndogo za watalii, ndege za mizigo na wanafunzi wa urubani. Rubani wa Cessna, ndege ndogo ya kiraia, anayekuja mbele yako hajui kama una kibali maalumu. Yeye anatarajia umwone na yeye akuone. Kwa hiyo viwango vya kiraia vya kuruka kwa macho vichukue kama sakafu. Kikosi chako kinaweza kukudai zaidi ya hapo, na kikidai, kitii.

Viwango vyenyewe vikae kichwani. Juu ya futi 3,000 kutoka usawa wa bahari, au futi 1,000 kutoka ardhini, chochote kilicho juu zaidi, unatakiwa uone mbele kilomita 5, ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Ukivuka futi 10,000, kilomita 5 zinakuwa 8. Ukiwa safarini, uelekeo wa dira kati ya 000 na 179, yaani upande wa mashariki, unapanda kimo cha maelfu witiri kuongeza 500, yaani 7,500, 9,500, 11,500. Ukielekea magharibi ni shufwa kuongeza 500. Ukishindwa kushika hata kimoja kati ya hivi, basi huruki tena kwa macho, hata kama bado unaiona ardhi kwa vipande vipande.

Sasa tuje mlimani. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita aina ya Mi-24 za jeshi la Uganda, zikielekea Somalia kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, zilianguka Mlima Kenya katika safari moja. Ya nne, ya uchukuzi, ilitua Garissa salama. Ndugu zetu walipoteza maisha katika msitu ule. Simhukumu mtu. Nawataka tu wanafunzi wangu waweke ramani mezani na kuuliza swali ambalo kila rubani anayevuka upande huo lazima aliulize: mstari wangu unaupita mlima karibu kiasi gani?

Chukua rula, chora mstari kutoka Eldoret hadi Garissa. Ni kama kilomita 500, uelekeo wa nyuzi 100 hivi. Tazama unapopita: Bonde la Kerio, uwanda wa Laikipia, karibu kabisa na Nanyuki, halafu bega la kaskazini la Mlima Kenya. Kilele kiko mita 5,199, yaani futi 17,057, na mstari wako unakipita kwa umbali wa kilomita 20 hivi. Helikopta inayokwenda kilomita 220 kwa saa inaumaliza umbali huo kwa dakika tano hivi. Kwepa wingu moja kwa kusogea kulia, kisha lingine, na tayari uko kwenye mteremko.

Sheria ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma geji bila kutegemea kuona nje, inasema kwenye milima uwe futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 za pale unapodhani upo. Nasisitiza neno "unapodhani". Jumlisha kilele na hizo futi 2,000, unapata zaidi ya 19,000. Helikopta yako iliyobeba watu na mafuta haifiki huko, na wewe bila oksijeni hufiki pia. Kuanzia futi 10,000 kama utakaa zaidi ya nusu saa unahitaji oksijeni, na kuanzia 13,000 unaihitaji muda wote. Maana yake ni kwamba karibu na mlima ule hakuna mlango wa juu. Mahali pengine ukiingia wingu unapanda tu hadi usalama. Pale unatakiwa kwanza ugeukie upande ambao ardhi inashuka, ndipo upande, na upande huo lazima uwe umeujua tangu mezani.

Mimi hufanya hivi. Nauacha mstari ulionyooka. Nazungusha njia kaskazini kupitia Isiolo, ambako ardhi imeshuka sana, halafu naelekea Garba Tula kabla ya kukata kusini kwenda Garissa, kwa sababu ukitoka Isiolo moja kwa moja unakutana na vilima vya Nyambene. Njia inarefuka, mafuta yanaongezeka, na hayo yanahesabiwa kabla ya kuhesabu abiria. Kisha kwa kila kipande cha njia naandika vitu vitatu kwa kalamu nyekundu: kimo cha usalama, uelekeo wa kutokea, na mahali pa kugeukia. Navinakili kwenye kipande cha plasta nyeupe ninachokibandika chini ya dira, mahali ambapo mimi na rubani msaidizi tunakiona bila kuinamisha kichwa. Karatasi ya gotini haitoshi. Ukiinama kuitafuta ndani ya wingu, sikio lako litakuambia ndege imepinduka.

Saa ya kuondoka nayo ni silaha. Mlima Kenya hufunuka alfajiri na mara nyingi kabla ya saa sita mchana umeshajifunika. Wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, Nairobi yenyewe huamka chini ya blanketi la mawingu ya chini yanayochelewa kuinuka. Hapo marubani hunaswa katikati: wanangoja Nairobi ifunguke, wanaondoka wamechelewa, na wanaufikia mlima wakati unafungwa. Ikiwa brifingi ya hali ya hewa inakuonyesha hivyo, omba kuondoka kesho. Afisa anayeidhinisha safari anaweza kukunja uso. Muonyeshe namba. Ukisema tu "hali si nzuri" atakusihi uende. Ukimwambia "mawingu ni futi 800 juu ya ardhi Nanyuki na kiwango chetu ni 1,500" mazungumzo yanaisha.

Usisahau uzito na hewa nyepesi. Nanyuki iko kama futi 6,200. Katika hali ya kawaida ya vitabu, kimo hicho kinapaswa kuwa na nyuzijoto karibu 3. Siku ya jua ikifika 28, umezidi kwa 25. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza kama futi 120, hivyo rota na injini zako zinahisi ziko futi 9,200. Fungua majedwali ya ndege yako kwa namba hiyo. Kisha thibitisha kwa vitendo: inua ndege hadi futi tano juu ya ardhi, itulize, soma geji ya torki, inayoonyesha nguvu unayotumia kuzungusha rota. Ikiwa umebakiwa na akiba ndogo kuliko ile kitabu kinachodai kwa eneo unakokwenda kutua, rudi chini upunguze mzigo. Askari wawili wakishuka na kungoja safari ya pili, hakuna atakayeumia.

Altimita, yaani kipima kimo, ipangwe kwa shinikizo la hewa la hapo hapo, na ubadilishe kila unapopewa namba mpya. Hektopaskali moja ni kama futi 30. Ukitoka kwenye shinikizo la juu kwenda la chini bila kurekebisha, altimita inakuonyesha uko juu kuliko ulivyo, na tofauti ya hektopaskali 10 ni futi 300 zilizopotea. Mlimani, hizo ndizo urefu wa miti na ukingo wa jabali.

Brifingi ya wafanyakazi wa ndege iwe fupi lakini iwe na neno la kusimamisha. Kwangu neno ni "Geuza". Yeyote akilisema, rubani msaidizi au fundi aliyekaa mlangoni, tunageuza kwanza na kuulizana baadaye. Fundi yule mara nyingi ndiye wa kwanza kuona, maana anatazama chini na nyuma wakati sisi tunakodolea macho mbele. Cheo kisiingie hapo. Kama mkubwa wako ndiye anayeshika usukani, mwambie mapema, mbele ya wote: "Afande, nikisema geuza, tunageuza." Mkubwa mzuri atakushukuru.

Hewani, dalili hazifichiki ukizitafuta. Unajikuta umepunguza mwendo bila kupanga. Umeshusha kimo mara mbili ili uendelee kuona. Mstari wa upeo umeyeyuka, rangi ya msitu imekuwa kijivu, na mazungumzo ndani ya ndege yamekatika kwa sababu kila mtu anachungulia. Dalili mbili kati ya hizo zinatosha. Geuza wakati nyuma bado kuko wazi. Kama nyuma pia kunafunga, tafuta uwanja, shamba, kiwanja cha shule, utue. Helikopta ina uwezo huo ambao ndege ya mabawa haina, nami nashangaa jinsi tunavyousahau. Kabla ya kutua, tafuta nguzo za umeme. Waya huwezi kuuona, nguzo unaziona.

Na ikitokea umeingia. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakanyimwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Umajimaji ndani ya sikio hutulia baada ya mzunguko wa taratibu, ukaamini umenyooka ilhali umelala upande. Kwa hiyo mtu anayeendesha aseme kwa sauti, "Mawingu, nasoma geji," na kuanzia hapo asitazame tena nje. Afuate mpangilio huu bila kuruka hata hatua moja. Sawazisha ndege kwa geji ya upeo. Shika uelekeo ulio nao, na ugeuke tu kama plasta yako inasema mbele kuna mlima. Ukigeuka, geuka taratibu, nyuzi tatu kwa sekunde, ambapo nusu duara ni dakika nzima. Ongeza nguvu hadi ya kupandia. Rekebisha mwendo uwe wa kupandia. Panda hadi kimo cha usalama cha kipande hicho. Usijaribu kushuka kuitafuta ardhi uliyoiacha sekunde chache zilizopita. Kishawishi hicho ni kikali, na ardhi imeshabadilika chini yako.

Redio ni baadaye, ndege ikiwa imetulia. Hiyo ni kazi ya rubani msaidizi: transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, aiweke 7700, namba ya dharura, kisha aite mnara au kituo cha rada, na kama hawapatikani atumie 121.5, masafa ya dharura. Ataje mahali, kimo, uelekeo, mafuta yaliyobaki kwa dakika, na idadi ya watu ndani. Mwendeshaji asishiriki mazungumzo hayo.

Mkiwa zaidi ya ndege moja, hatari inazidi, kwa sababu kiongozi akiingia wingu wote wanaingia naye, na hakuna anayemwona mwenzake. Brifingi iseme wazi nani anashika uelekeo, nani anageukia wapi kwa nyuzi ngapi, na kila mmoja anapanda kimo kipi. Mpango huo nao uchorwe juu ya ramani ya eneo halisi. Nimeona mipango mizuri ya ubaoni ambayo kwenye bonde lenyewe ingempeleka wa tatu ukutani.

Ukirudi bila kufika, jaza kitabu cha idhini siku hiyo hiyo: saa uliyogeuza, mahali, kimo cha mawingu, umbali wa kuona, mafuta uliyotua nayo. Usiandike maelezo ya kujitetea. Nakala mpe rubani wa safari ya mchana kabla hajaanza kuchora mstari wake.