Unahamia balbu za enaji seva? Zijue kasoro zake kwanza

Bili inashuka kweli, ila hizi taa zina mambo yake. Zile za mrija uliojisokota zina zebaki ndani, ni miligramu chache tu lakini ikipasuka usichukulie poa: toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika 10 hivi, afu okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi linalobaki ligandishe kwa selotepu, vyote tia kwenye chupa yenye mfuniko. Usifagie kabisa, utalirusha hewani! Hizo pia usifunge chooni, kuwasha na kuzima kila saa kunaziua mapema.

LED hazina zebaki, mi naona bora uende huko moja kwa moja. Shida yake joto, ukiifungia ndani ya globu isiyopitisha hewa ile saketi ya kwenye kitako inaungua hata kama boksi limeandikwa masaa 15,000. Swichi ya kupunguza mwanga nayo haikubali kila LED, soma boksi kwanza la sivyo taa itachezacheza. Chumbani chukua 2700K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, hii ni ya njano-njano), ile 6500K nyeupe yake ya kibluu inakera macho usiku.