Pentasini isimame au ilale: andaa uso kwanza

Molekuli ya pentasini, semikondakta ya kaboni na hidrojeni, ni ndefu na bapa, kama rula. Kwenye oksidi ya silikoni haipati mshiko, basi molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe na kusimama wima. Kwenye grafaiti safi huvutwa, zikalala. Tabaka hilo la kwanza ndilo huamua fuwele itakavyoota juu yake, kwa hiyo kazi kubwa ni usafi.

Kata vipande vya silikoni yenye oksidi, sentimita 1 kwa 2. Vioshe kwa asetoni, kisha isopropanoli, dakika 10 kila kimoja kwenye mashine ya mawimbi ya sauti. Kausha kwa naitrojeni, halafu dakika 20 chini ya UV na ozoni. Dondosha tone la maji kwenye kipande cha majaribio: likitandaa, uso ni safi. Likijikunja, rudia.

Nusu ya vipande vitie OTS (oktadesiltriklorosilani, kemikali inayofanya uso ukatae maji): mikrolita 40 kwa mililita 10 za toluini kavu, nyuzi 60 za Selsiasi, nusu saa, suuza kwa toluini. Sasa tone likae duara kama juu ya jani la nduma. Hapa pentasini bado husimama. Kinachobadilika hasa ni punje za fuwele. Wakati wa mvua ndefu Nairobi, Aprili hasa, hatua hii ndiyo hutesa: OTS hukutana na unyevu, ikajigandia yenyewe, na uso ukajaa chembe nyeupe. Ifungulie ndani ya boksi la naitrojeni. Ikikutana na maji hutoa gesi ya asidi.

Grafaiti ibandue kwa selotepu dakika chache kabla ya kuiingiza kwenye ombwe. Ikichubuka, pentasini husimama hata hapo.

Pasha pentasini ndani ya ombwe la milibari 10⁻⁶ igeuke mvuke na kutua kwenye vipande, utando ukue nanometa 0.02 kwa sekunde, hadi nanometa 30. Stima ikipotea katikati, tupa. Kinachofuata kitaota juu ya uchafu.

Pima pembe ambazo eksirei ya shaba hurudi kwa nguvu kutoka kwenye utando. Kilele cha pembe ya nyuzi 5.7 ni tabaka za nanometa 1.54, umbo linaloletwa na uso. Cha 6.1 ni nanometa 1.44, umbo la fuwele nene. Ukiviona vyote, utando umenenepa au kipande kilikuwa moto. Kwenye grafaiti kilele cha 5.7 hakitokei, na wengi husema utando haukushika. Upo: tabaka zimegeuka ubavu, na kipimo cha wima hakizioni. Elekeza miale karibu ilale sambamba na uso.